Jioni Mbili kwenye Mita Kumi na Tisa

Baba yangu aliniuliza swali moja tu kuhusu redio, na mpaka leo sina jibu. Alikuwa amekuja kutusalimia Bariadi kutoka Kalemela, na mimi kwa kiherehere changu nilimvika hedifoni ili asikie mtu akisoma habari kwa Kijapani. Alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, kama anavyosikilizwa mgeni anayejieleza. Halafu akazivua.

"Hawa unaowasikia, wao wanakusikia?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa unakaa nao wa nini?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alitaka kujua kweli.

Wakati huo nilikuwa nimeshapoteza kazi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa pamba, kazi ya kusoma mshale, kuandika uzito, na kuvumilia wakulima wanaoamini kwamba kila karani ni mwizi. Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, malori yao na fedha taslimu, na wakulima waliochoka kungoja malipo yetu wakawakimbilia. Siwalaumu. Ningekuwa na pamba, hata mimi ningekimbia. Msimu wa pili tukaitwa ofisini mmoja mmoja, tukaambiwa tumepunguzwa.

Wenzangu walinunua cherehani au baiskeli za kukodisha kwa kiinua mgongo chao. Mimi nilinunua redio. Ilikuwa ya padri mzee aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao Ulaya, redio nzito ya mabendi tisa, yenye kioo kilichoandikwa mita za masafa na kitufe kikubwa cha kutafutia kilichozunguka taratibu kuliko redio yoyote niliyowahi kushika. Mke wangu hakusema kitu siku ile. Alisema kesho yake, na aliendelea kusema kwa muda mrefu.

Lakini wacha nieleze utamu wake, maana asiyeujua atadhani nilikuwa nimerukwa na akili. Nilifungua koili ya mota iliyoungua ya kiwanda cha kuchambulia pamba, nikapata waya wa shaba, nikauvuta kutoka dirisha la chumba cha nyuma, juu ya uzio wa minyaa, hadi kwenye mwarobaini. Huo waya ndio uliokuwa mlango. Nikikaa chini na hedifoni, nikizungusha kitufe kwa kidole kimoja, ulimwengu ulikuwa unapita: Waarabu, Warusi, mhubiri, kelele ya radi ya upande wa ziwani, kimya, halafu, ukiwa na subira, sauti nyembamba sana ya mtu asiyejua kwamba Bariadi ipo.

Sauti hizo nyembamba ndizo nilizokuwa nawinda. Ukikisikia kituo cha mbali, unaandika kwenye daftari tarehe, saa, mita, nguvu ya sauti, na kile ulichosikia, hata kama ni jina la wimbo. Unawatumia barua. Wao wakiona umesema kweli wanakurudishia kadi ya kuthibitisha kwamba uliwasikia. Nilikuwa nazo kadi zaidi ya arobaini ukutani. Karani wa posta alizoea kunitania, "Mzee wa dunia nzima, leo umeandikiwa na mfalme gani?"

Kulikuwa pia na watu binafsi, si vituo, wenye leseni za kurusha kutoka sebuleni kwao. Unamsikia mtu peke yake anaita na kuita, anataja alama zake za leseni, anauliza kama kuna yeyote anayemsikia. Mimi ninamsikia. Nipo hapa, nina uji wangu mezani, ninamsikia vizuri kabisa, na siwezi kumwambia. Niliwahi kuandika Dar es Salaam kuomba leseni ya kurusha. Nikaletewa fomu zilizouliza nina mtambo gani na nimefanya mtihani gani. Nikazikunja nikaziweka chini ya godoro.

Madukani wakati huo redio ndogo za kutoka Dubai zilikuwa zimejaa tele, kila kijana na yake begani, muziki mtaa mzima. Lakini kwa habari watu bado walikuja kwangu. Vita vimefika wapi, bei ya pamba huko duniani ikoje, ni kweli fulani amepinduliwa? Nami nilijibu nikiwa nimekunja nne. Mke wangu ndiye pekee ambaye hakunisifu. Akiniita kula nami nimevaa hedifoni zangu, alisimama mlangoni akawaambia watoto, "Mwacheni. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ningekuwa na akili ningejiambia hivyo mapema.

Mwaka ule, kiangazi kilipoanza, baba aliugua. Tumbo lilivimba, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani kwa namna ile ambayo kila mtu anaielewa na hakuna anayeisema. Nilikaa naye Kalemela majuma mawili. Nilipoondoka alikuwa anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna chumvi, nikaona afadhali.

Mdogo wangu, aliyekuwa anaishi na baba na kulima naye, alinisindikiza hadi barabarani. Simu za upande ule zilikuwa za kubahatisha, barua ilichukua juma zima. Akaniambia, "Kaka, akizidiwa nitakwenda Mwanza kupeleka tangazo redioni. Wewe si wa kukosa."

"Mimi?" nilisema. "Mimi nikose tangazo?"

Nilisema hivyohivyo, kwa majivuno. Kwetu tangazo la kifo redioni ni zaidi ya taarifa. Mazishi hupangwa kwa kuhesabu kwamba kila mtu amesikia jioni, kesho amesafiri, keshokutwa amefika. Na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, wa kiume. Baba alikuwa ametamka mbele ya watu, akiwa mzima, kwamba udongo wa kwanza atautupa mkubwa. Hilo halikuhitaji kujadiliwa.

Na kwa kweli sikukosa. Kila jioni, jua likizama, niliacha uwindaji wangu wote nikaenda kwenye redio ya taifa, nikasikiliza matangazo ya vifo mwanzo mpaka mwisho, mpaka jina la mwisho limesomwa na silo letu. Hapo ndipo nilipoweza kula. Zilipita wiki tano.

Kisha mke wangu akaenda Malampaka na watoto, mdogo wake alikuwa amejifungua. Nikabaki peke yangu. Mtu aliyepunguzwa kazi hujifunza kukaa ndani. Ukitoka unaulizwa, siku hizi unafanya nini? Nilifunga mlango wa mbele kwa ajili ya vumbi na kelele za mashine ya kusaga, na haja zangu nikazimalizia kwa mlango wa nyuma.

Jioni ile nilikaa mapema. Kabla ya matangazo nilikuwa na dakika kama ishirini, nikazipitisha kwenye mita kumi na tisa. Nikasikia magitaa.

Yalikuwa mbali sana. Yalikuja na kuondoka, lakini nilijua mara moja. Kulikuwa na kituo kimoja cha kisiwa cha katikati ya Pasifiki ambacho nilikuwa nimekitafuta kwa miaka miwili. Machweo yetu ndiyo mapambazuko yao, na kwa nusu saa hivi, siku chache za hapa na pale katika mwaka, njia hufunguka kati yetu na wao, halafu hufungwa. Nilikuwa nimesoma hivyo kwenye kijitabu nilichoachiwa na padri, na sikuwa nimewahi kuamini sana. Sasa magitaa yalikuwa masikioni mwangu, na mwanamke anazungumza juu yake kwa furaha ya asubuhi.

Nilitazama saa. Matangazo yalikuwa yanaanza. Nilijiambia maneno haya, nayakumbuka yote: siku moja tu. Wiki tano nimesikiliza majina ya watu wasio wetu. Baba anakunywa uji, anataka chumvi. Siku moja tu.

Nikabaki na magitaa mpaka yakafifia. Nikaandika saa na mita daftarini. Lakini sikuwa nimelisikia jina la kituo, na bila jina taarifa haina uzito. Basi usiku nililala nikijua kwamba kesho yake jioni nitarudi palepale.

Mchana wa kesho yake niliona jambo moja. Kuku wangu, niliokuwa nimewasahau kwa furaha zangu, walikuwa wameshiba. Kulikuwa na mtama umemwagwa uani na maji safi kwenye kile kibakuli chao. Nilifikiri labda niliwapa asubuhi nikasahau. Nikarudi ndani kuandika.

Jioni ya pili njia ikafunguka tena, bora kuliko jana. Yule mwanamke alitaja kituo chake mara mbili, akataja saa ya kwao, akapiga wimbo. Niliandika kila kitu. Nilipomaliza nikatazama saa: matangazo ya redio ya taifa yalikuwa yamekwisha, ni wakati wa taarifa ya habari. Nikasema, haya, kesho.

Asubuhi ya tatu nilivaa shati safi, nikatia barua mfukoni, nikafungua mlango wa mbele kwenda posta. Jirani yetu, mama wa ng'ambo ya minyaa, alikuwa uani kwangu ameshika ungo wa mtama. Aliponiona ungo ulimponyoka.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Hakuitikia. "Baba, umesharudi?"

"Nirudi kutoka wapi?"

Aliziba mdomo kwa khanga. Hapo nikajua ni baba. Nilimsikia akisema kwamba juzi jioni, aliposikia tangazo la msiba, alikuja na wenzake kunipa pole. Wakabisha hodi, wakabisha sana. Nyumba imefungwa, giza, kimya. Wakasema, huyu redio ni yake, amesikia kabla yetu, ameshaondoka. Basi yeye akajitolea kuwaangalia kuku mpaka nitakaporudi.

"Walikutaja, baba. Walisema, habari zimfikie mtoto wake mkubwa aliyeko Bariadi. Jana wakasema tena. Mazishi leo, saa kumi."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Basi la kwenda barabara kuu ya Lamadi lilikuwa limeondoka alfajiri.

Nilikimbia mpaka penye malori. Nikapata la mnunuzi wa pamba linalokwenda kiwandani, upande wa ziwani. Dereva alinisikitikia kwa dhati, akanipa nafasi mbele. "Tutafika saa nane," alisema. "Kuna vituo viwili vitatu tu vya kupitia."

Vilikuwa vituo sita. Enzi za ushirika pamba ilikusanywa ghalani, lori linapakia mara moja linakwenda. Sasa kila mnunuzi alikuwa anawahi kabla ya mwenzake, na popote penye rundo la pamba na mizani iliyotundikwa kwenye mti, tulisimama. Watu wanabishana juu ya uzito. Magunia yanafunguliwa, mtu kaloweka pamba maji, mtu katia mawe. Kwenye kituo cha tatu utingo alikuja dirishani. Alikuwa amenitambua.

"Mzee, wewe si ulikuwa karani wa mizani? Hawa hawamwamini huyu kijana wetu. Utusaidie, tutawahi."

Nikashuka. Nilisimama juani nikisoma mshale, natamka kilo kwa sauti, wakulima wanatikisa vichwa wanakubali, maana mimi nilikuwa wa ushirika na ghafla ushirika ulikuwa mwaminifu. Nilipima kwenye vituo vyote vilivyobaki. Kila gunia nililopandisha nilijiambia, hili likiisha tunaondoka. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Saa kumi ilinikuta nimeshika kamba ya gunia la mtu, na huyo mtu ananiambia nisiibane mizani kwa goti. Sikuwa naibana. Nilikuwa nalia, nimeliegemea gunia.

Nilifika Kalemela jua linazama. Watu walikuwa wamerudi kutoka kaburini, wameketi kwa makundi, wanawake upande wa jikoni. Mke wangu alikuwa pale. Alikuwa amesikia akiwa Malampaka, akachukua watoto akaja moja kwa moja, akijua tutakutana msibani. Siku mbili alikuwa akijibu, "Yuko njiani." Aliponiona alinyanyuka akanijia. Alinipokea mfuko ambao sikuwa nao, yaani alinyoosha mikono kwa mazoea, akakuta mikono yangu mitupu.

Mdogo wangu alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado na unyevu, umepangwa vizuri kwa jembe.

"Tulikungoja mpaka saa kumi na moja," alisema. "Wazee wakasema jua linakwenda. Nikatupa mimi."

Niliinama, nikaugusa udongo.

"Nilitangaza mara mbili, kaka."

"Najua."

Ningependa kusema kwamba alikasirika. Angekasirika ningepata mahali pa kushika. Badala yake aliniwekea mkono begani, yeye mdogo kwangu kwa miaka tisa, akanitafutia njia ya kutokea. "Au redio iliharibika?"

Watu watatu wanne walikuwa wamesogea. Mke wangu alikuwa nyuma yao.

"Ndiyo," nikasema. "Iliharibika."

Wote wakashusha pumzi. Nilisikia neno likipita kwa makundi mpaka jikoni: maskini, redio iliharibika. Wazee wawili walikuja kunipa pole mara mbili, moja ya baba na moja ya redio.

Tuliporudi Bariadi niliiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa alichokifuma mke wangu. Ilibidi iwe mbovu, basi ikawa mbovu. Jirani alileta jina la fundi. Vijana wakajitolea kuipeleka Mwanza. Mke wangu, aliyeichukia tangu siku ya kwanza, sasa aliionea huruma kwa sababu alidhani ndiyo niliyokuwa naiomboleza, akasema tukiuza mpunga tutaitengeneza. Kila jioni jua lilipozama nilitoka nje nikasimama na kuku. Wanaotaka habari waliacha kuja. Sikuwa na jinsi ya kuifanya ipone na sikuwa na jinsi ya kusema kwamba haikuwa mgonjwa.

Siku moja katika siku hizo, mke wangu alirudi kutoka mjini akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeizoea, "Wakati nafua lile shati la msibani nilikuta barua yako ya redio mfukoni. Leo nimekutilia posta. Nikaona angalau hiyo isipotee."

Nilisema asante. Ningefanya nini kingine? Barua ikishatiwa kwenye sanduku la posta si yako tena.

Kadi ilifika mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Mke wangu ndiye aliyeichukua posta. Aliingia jioni, viatu vimejaa tope, ameishika kwa ncha za vidole isichafuke, akitabasamu. Ilikuwa na picha ya mlima wa kijani na mashua. Nyuma yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyopigwa chapa na nafasi zilizojazwa kwa kalamu. Waliandika tarehe zote mbili. Waliandika saa kwa saa ya dunia, kuanzia dakika ile hadi dakika ile, nami nikajumlisha tatu kama kawaida yangu, ikawa jua linazama Bariadi. Walisema maelezo yangu yote ni sahihi. Chini mtu, nadhani ni yule mwanamke, aliongeza kwa mkono kwamba wanashukuru nilikuwa pamoja nao.

"Wanasemaje?" mke wangu aliuliza.

Kiingereza hakijui. Ningeweza kusema chochote. Lakini tarehe ni tarakimu, na kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye tarehe, kimetulia hapo.

"Wanasema siku hizo mbili nilikuwa nawasikiliza."

Alinitazama. Kisha akatazama juu ya kabati. Alivuta kiti, akapanda, akaondoa kitambaa, akaishusha redio mezani peke yake, nzito vile ilivyo. Nilijua betri zimo. Nilijua kitufe kiko pale nilipokiacha. Waya wa antena ulikuwa bado unaning'inia dirishani. Akauchomeka mahali pake, kumbe siku zote alikuwa ananiangalia. Akawasha.

Kwanza ilikuwa kelele tu. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya mwarobaini. Halafu polepole, mbali sana, yakaja magitaa.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa."

Aliketi, mikono magotini, akawasikiliza kwa adabu mpaka walipofifia. Kisha akaizima, akaniuliza nitamwambia lini mdogo wangu.